Salamu Nilizoziruka

Watu wa kijiji chetu cha Wema wakinikuta njiani huniuliza, "Mavyaa hajambo?" kisha husimama wakinitazama usoni. Hawaulizi ili wapate habari. Wanauliza waone nitakunja uso kiasi gani. Mimi hujibu kwamba hajambo, nikapita na ndoo yangu. Basi leo nitayasema yote mara moja, watu wapumzike. Mimi na Mama Elsie, mama wa mume wangu Dan, tulikaa ua mmoja miaka minne bila kuambiana neno, na kwa ajili ya chuki hiyo mzee Buya, mume wake, alikufa. Yeye ana sehemu yake katika kifo hicho. Yangu ni kubwa zaidi, na ndiyo maana nina hasira hata sasa ninapoandika.

Nianze na yeye, maana yeye ndiye anayependa kutajwa. Elsie alizaliwa hapa hapa kando ya mto. Wazungu wa misheni walimbatiza wakampa jina la mke wa mchungaji wao, lakini shule hawakumpeleka. Alijua kulima mpunga kwa maji ya mafuriko, alijua kuendesha mtumbwi kuliko wanaume wengi, na alijua mto ukikunja uso. Alizaa watoto sita akazika watano. Aliyebaki ni Dan, kitinda mimba, na mtu yeyote aliyemgusa Dan alikuwa amemgusa yeye jicho. Mimi nilimgusa Dan kwa kuolewa naye.

Na alijua kusimulia. Hilo simnyimi. Jioni, baada ya chakula, majirani walikuja na vigoda vyao bila kualikwa. Elsie alikaa, akanyoosha miguu, akapaza sauti, "Nina mnyama!" Watu wakaitika, "Mlete tumwone!" Akamleta. Akiwa mamba, ulimwona mamba. Akiwa kima, watoto walijikuna. Nilipofika hapo mwaka wa tisini na mbili, bibi harusi kutoka Ngao, nilikaa nikamsikiliza kwa raha wiki nzima. Wiki ya pili nikaanza kumtambua mnyama.

Mnyama alikuwa fisi. Fisi aliunguza wali siku ambayo mimi nimeunguza wali. Fisi alichelewa kuamka, akafagia nusu ya ua, akacheka na wauza samaki mtoni. Majirani walicheka huku wakinitazama kwa pembe ya jicho. Nami nilicheka, maana mgeni hana la kufanya, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilidhani atachoka.

Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva na nilikuwa nashinda shambani kufukuza ndege, kutwa nimesimama kwenye jukwaa la miti nikirusha udongo kwa teo. Mimba ikatoka huko huko. Sina haja ya kueleza zaidi. Siku ya kumi niliamka kitandani nikatoka kuketi na watu jioni, nikidhani nitapata faraja. Elsie akasema ana mnyama. Wakamwambia amlete. Akamleta fisi aliyebeba mtoto wake akivuka maji, akamwangusha njiani kwa sababu hakuwa amemshika sawasawa.

Nilisimama nikaingia ndani. Sikulia mbele yake. Kuanzia kesho yake sikumwamkia, na yeye, alipoona sikumwamkia, aliapa mbele ya mzee Buya kwamba hatainua mdomo wake kunisemesha mpaka niombe radhi. Radhi niombe mimi! Nilisema moyoni kwamba atangoja mpaka mto ukauke.

Lakini watu wanaopika jiko moja hawawezi kunyamaza kabisa. Elsie akapata dawa yake, akawa anazungumza na kuku. "Kuku, mwenzangu," alisema huku mimi nimeinama napika hatua tatu kutoka kwake, "ona ua ulivyofagiwa. Hata wewe waona haya kutaga hapa." Mimi nikazungumza na sufuria. "Sufuria, usiumie. Wako wanawake mwili umezeeka, mdomo ukabaki kigori." Kuku akaambiwa kwamba chumvi imezidi. Sufuria ikaambiwa kwamba asiyependa chumvi ajipikie. Tulipata mtoto wetu Iha, akawa naye njia ya kupitishia maneno kabla hajajua kusema.

Katikati yetu alikaa mzee Buya. Aliwahi kuwa mpishi wa misheni, akasoma vitabu vyao vyote, kisha mtoto wa jicho akamfunga macho na miguu ikavimba hata kutembea ikawa taabu. Alikuwa mpole. Nikisema na sufuria kwamba wali umeiva, yeye alimgeukia mkewe akasema, "Elsie, mkaza mwana wako anasema wali umeiva," ilhali Elsie alikuwa amesikia na Wema nzima imesikia. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda baba yangu. Aliniita mwanangu, na akiniita hivyo alimaanisha.

Mwanzoni mwa tisini na tano Dan alipata kazi Nanighi, huko juu mtoni, kutengeneza mashine za kuvuta maji ya shamba. Kila baada ya miezi miwili hivi aliandika barua. Barua ilishuka na lori mpaka Garsen, ikakaa dukani, na mtu yeyote wa kuja upande wetu akaichukua. Mara nyingi alikuwa Adano, Muorma aliyenywesha ng'ombe wake karibu na shamba letu.

Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Macho ya mzee yalikuwa yamekufa na Elsie hakuwahi kusoma. Hebu fikiri raha niliyoipata. Mwanamke yule asiyetaka kunisemesha alikuwa lazima anisikilize. Siku ya barua alioga, akajifunga leso safi, akaja akaketi ubavu ubavu karibu na mzee, uso ameugeuzia mtoni kana kwamba kuna mtu anayemngoja huko.

Dan aliandika kwa mpango wake usiobadilika. Kwanza shikamoo kwa baba. Kisha mimi, mkewe, mistari sita au saba, kuhusu mtoto, koti lake lililochanika, lini atakuja. Halafu aliandika, "Sasa nazungumza na mama," na hapo karatasi ilijaa mpaka chini, ikageuzwa, ikajaa na nyuma.

Barua ya kwanza, nilipoona ukurasa mzima na nusu kwa ajili yake na mistari sita kwa ajili yangu, wivu ulinishika. Nilisoma salamu za mzee, nikasoma zangu, nikaikunja. "Anawasalimu wote nyumbani," nikasema.

Elsie hakugeuka. Akasema polepole, macho mtoni, "Kuku, barua ya siku hizi ni fupi."

"Hakuna neno la mama yake?" mzee Buya akauliza.

"Nimesema, baba, anawasalimu wote."

Ikawa ndiyo desturi. Na sikuyasoma hata kimoyomoyo. Nikiona tu maneno yale, sasa nazungumza na mama, nilikunja karatasi kwa hasira, sikutaka kujua anambembeleza kwa maneno gani. Barua zote nilizifungia kwenye sanduku langu la bati na ufunguo ukakaa shingoni. Mtaniuliza kwa nini Elsie hakumtafuta mtu mwingine amsomee. Ili apate barua ilimbidi aidai, na kuidai ni kunisemesha. Tena ingebidi Wema ijue kwamba mkaza mwana wake anamnyima maneno ya mwanawe. Aibu hiyo aliiogopa kuliko njaa. Nilijua kwamba anaiogopa, nikaitumia.

Yeye naye alijua. Dan alipokuja likizo, alimwuliza mbele yangu, "Mama, yale niliyokuandikia uliyaona?" Nilishika ufunguo shingoni. Elsie alinitazama, akanitazama sana, kisha akamjibu, "Niliyaona, mwanangu." Jioni ile akasema ana mnyama. Alimleta fisi aliyepita nyumba kwa nyumba akimeza maneno ya watu, tumbo likavimba likapasuka, na maneno yakatoka yote yakapiga kelele porini. Dan alicheka kuliko wote. Mimi niliosha vyombo.

Mara moja mzee Buya alijaribu kutupatanisha. Nilikuwa namkanda miguu kwa maji ya moto. "Mwanangu," akasema, "ile hadithi ya fisi kumwangusha mtoto majini, siyo yako. Ni yake mwenyewe. Mafuriko ya sitini na moja alivuka na binti yetu mgongoni, leso ikafunguka. Tangu hapo huisimulia. Aliisimulia kabla hujazaliwa." Nilimwambia kwamba kama ni hivyo angechagua siku nyingine ya kuisimulia. Mzee akanyoosha mguu wa pili niukande. Sikumwamini wakati ule, na hata sasa naamini nusu. Mtu anaweza kuwa na kidonda chake na bado akakutia kidole kwenye kidonda chako.

Sasa mvua. Kila mtu anaikumbuka mvua ya mwisho wa tisini na saba, ile iliyotangazwa redioni kwa jina la kigeni. Sisi watu wa mto mafuriko hatuyakimbii ovyo. Maji yakija mpunga unakunywa, samaki wanaingia mashambani, ni baraka. Wanaohama ni wafugaji, nao huhama kila mvua inapoanza kwa sababu ng'ombe hawapendi matope. Kwa hiyo Adano alipokuja katikati ya Novemba akiwa amelowa mpaka magotini, akasema wanahama, sikuona jambo geni.

"Mama Iha," akasema, akatoa barua ndani ya mfuko wa nailoni. "Hii ya Dan. Dereva nasema peleka haraka. Yeye nasema haraka mara mbili."

"Nimesikia. Ahsante."

"Sisi naenda leo. Hii mvua ng'ombe naogopa."

"Nyinyi kila mvua mnaogopa," nikamtania.

Hakucheka. "Haya," akasema. "Wewe soma tu."

Nikasoma. Mzee alikuwa kwenye kitanda chake cha kamba, Elsie ameketi akitazama mto, Iha amelala mapajani mwake. Shikamoo baba. Kisha mimi: Iha ameanza kusema? Koti lishonwe. Nitakuja Krismasi, Mungu akipenda. Na mwisho wa mistari yangu, Dan alikuwa ameandika hivi: "Mengine nimemweleza mama, nanyi mfanye kama atakavyosema."

Nyie! Kama atakavyosema! Mimi niliyezaa naye, niliyemwosha baba yake miguu, nifanye kama atakavyosema bibi yule.  Mstari ule nao sikuusoma kwa sauti. Nilikunja barua, nikaifunga kwenye pindo la leso niliyovaa maana sanduku lilikuwa ndani, nikasema, "Anawasalimu wote. Atakuja Krismasi."

 Mvua ilikuwa imepumzika kidogo na mto ulikuwa mwekundu, umenyamaza, unapita bila kelele yoyote. Ndipo Elsie akamwambia kuku, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya kuchokoza, nami nilijua hivyo nikajifanya sijui.

"Kuku, mto huu siupendi. Mwaka wa sitini na moja ulinyamaza hivi hivi. Ningepata neno moja kutoka juu, ningemtoa mzee leo leo." Akamfunika Iha miguu kwa leso. "Lakini mwanangu yuko juu. Kungekuwa na jambo angeniandikia."

Barua ilikuwa pindoni, inanigusa kiunoni. Nilidhani ni mtego. Nilidhani anataka nishindwe, nifungue mdomo, nimwambie, mama, amekuandikia, niwe mimi wa kwanza kusema baada ya miaka yote ile. Nikaiambia sufuria kwamba maharagwe hayajaiva. Njia ya kwenda mchanga wa juu, kule karibu na barabara kuu, ilikuwa bado kavu. Mtumbwi ulikuwa umefungwa pale pale chini ya nyumba. Siku nne nzima njia ile ilikuwa kavu.

Siku ya tano asubuhi maji yalikuja. Hayakuja mbele, kutoka mtoni, ambako sote tulikuwa tunatazama. Yalikuja nyuma, kutoka mbugani, mapana, yamebeba majani na nyoka na mbuzi wa watu. Nilipotoka jikoni yalikuwa kifundoni. Nilipomaliza kumfunga Iha mgongoni yalikuwa magotini. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kwenda na kamba yake.

Tulimpandisha mzee juu ya meza. Maji yakaifuata meza. Ikabidi tumsimamishe, na kwa miguu ile hakuweza kusimama, basi mimi nikamshika kwapa la kulia, Elsie kwapa la kushoto, maji vifuani mwetu, Iha nimempandisha begani akipiga mayowe. Tulikaa hivyo tangu asubuhi mpaka jua la alasiri. Na wallahi nasema kweli, hata hapo hatukusemezana. Elsie alisema, "Buya, mwambie anayekushika upande huo akaze mkono." Mimi nikasema, "Baba, waambie wanaotaka nikaze wakaze wao kwanza." Mzee, meno yakigongana kwa baridi, alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, bado anapeleka maneno yetu.

Jirani yetu Nzai ndiye aliyetuopoa kwa mtumbwi wake baada ya kuvusha watu wake wote. Tukapelekwa mchanga wa juu, mamia ya watu, mikeka na maturubai, na mvua juu yetu. Unga ulikuja kwa helikopta, siku nyingine ukaja umelowa, siku nyingine haukuja. Mzee alianza kukohoa siku ile ile. Siku ya tatu alikuwa hasemi ila kwa kunong'ona. Siku ya nane alikufa, kichwa chake mapajani mwa Elsie, miguu yake mikononi mwangu, nikiikanda kwa maji baridi kwa kuwa kuni zote zilikuwa zimelowa. Makaburi yetu yalikuwa chini ya maji. Tulimzika mchangani, mahali asipopajua.

Kesho yake jua lilitoka kidogo. Nilivua leso nikaianika, na nilipofungua pindo nikaikuta barua niliyokuwa nimeisahau. Ilikuwa imeshikamana, lakini Dan aliandika kwa biro na maneno yalikuwa yanasomeka. Nikaibandua taratibu nikaitandaza juani. Sijui kwa nini siku ile macho hayakuruka. Labda ni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkomoa. Nikasoma palipoandikwa sasa nazungumza na mama, nikasoma mpaka mwisho, nikaketi chini.

Nilipoinua kichwa Elsie alikuwa amesimama ng'ambo ya turubai, ananitazama. Hakusema na mtu wala kuku. Nikaifunga tena pindoni. Nilipanga kuichoma moto, na siku nane nzima sikupata moto wala moyo.

Dan alifika siku ya tisa baada ya mazishi, nusu njia kwa miguu, nusu kwa mitumbwi ya watu. Alikaa kaburini kwanza. Kisha akaja chini ya turubai, akatukuta na majirani wawili watatu, na Adano naye alikuwa amekuja kutoa pole, fimbo magotini.

"Lakini niliandika," Dan akasema. Hakuwa na hasira bado, alikuwa kama mtu aliyepotea njia. "Maji yalipita kwangu kabla ya kufika kwenu. Niliandika na nikampa dereva mkononi. Haikufika?"

Nilifungua mdomo niseme haikufika. Adano akaniwahi, na hakuwa na nia mbaya.

"Nafika," akasema. "Mimi naleta mwenyewe. Mimi napa Mama Iha hapa kwa mkono."

Dan akanigeukia. Majirani wakaangalia chini. Nilisema kwamba labda maji yameichukua, sanduku langu limekwenda, kila kitu kimekwenda.

"Iko pindoni mwake," Elsie akasema. "Nilimwona akiianika." Kisha akageuka, uso wake ukatazama uso wangu, akanisemesha mimi, si kuku, si mtoto, kwa mara ya kwanza tangu mimba yangu ilipotoka. "Isome."

"Mama..."

"Wewe ndiye msomaji wa nyumba hii. Isome."

Nikafungua pindo. Nikasoma shikamoo za mzee aliye chini ya mchanga. Nikasoma zangu. Nilipofika pale pa mama nilimnyooshea Dan karatasi, hakuipokea, nikaendelea.

"Sasa nazungumza na mama. Mama yangu mpenzi, shikamoo. Kwanza usihuzunike kwamba siji upesi, kila nikila hapa nakula nikikukumbuka. Sasa mama, sikiliza vizuri. Maji ya hapa Nanighi yamefika mashine ya pili, na wazee wa hapa wanasema hawajayaona tangu sitini na moja. Wewe unayajua ya sitini na moja, mimi nayasikia tu. Usingoje uyaone. Mtoe baba kwanza, kwa mtumbwi, siku hiyo hiyo utakayosikia maneno haya. Mpunga uache, tutalima mwingine. Nakuandikia wewe kwa sababu hapo nyumbani neno lako ndilo linaloinua watu. Na mama, anayekusomea maneno haya kila mara ni Christabel. Najua hampatani. Lakini kila barua yeye ndiye anayekupa sauti yangu, na hakuna mtu ninayemwamini kwa kazi hiyo kuliko yeye. Mshike mkono wake sasa hivi, mbele ya baba, umwambie ahsante. Mwambie ni mimi niliyesema."

Adano alikuwa wa kwanza kuinuka. Wengine wakamfuata. Dan naye akatoka, akapita karibu nami bila kunigusa. Wiki nzima alilala kwa Nzai. Alirudi, kwa ajili ya Iha na kwa ajili ya mama yake, na tunaishi. Hilo ni jambo letu mimi na yeye, na majirani waliache.

Kesho yake nilimsikia Elsie akimwuliza Dan kaburini, zile barua nyingine za miaka mitatu alikuwa amemwandikia nini. Dan alisema hakumbuki. Zilikuwa salamu tu, mama, nani hukumbuka salamu.

Ndipo akanijia. Nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe ya msaada. Alikuja akaketi mbele yangu, karibu, goti lake karibu liguse langu. Sikuwa nimemwona karibu hivyo kwa miaka. Alikuwa amezeeka.

"Christabel."

"Naam, mama."

"Zile nyingine. Aliniambia nini?"

"Zilikwenda na sanduku, mama."

"Sikuulizi karatasi. Karatasi mimi ningezifanyia nini? Nakuuliza maneno. Wewe ulizishika mkononi."

Mikono yangu iliacha maharagwe. "Sikuyasoma, mama. Nilikuwa nikifika penye jina lako nayaruka."

"Yote?"

"Yote."

"Hata moja hukulisoma?"

"Hata moja."

Nilimwona akihesabu kitu ndani yake, na uso wake ulinitisha kuliko maji yalivyonitisha, nikataka kumpa chochote, chochote kile. Nikaanza. "Mama, nadhani alikuambia kwamba anakukumbuka. Kwamba chakula cha huko hakifanani na chako. Kwamba akirudi atakujengea..."

Akainua kiganja chake usoni pangu.

"Usinitungie," akasema. "Kutunga najua mimi."